Tuulize Mafundi: Baiskeli ya kwanza, kabla hujatoa hela

Barua za mwezi huu zimetoka Mtwara na Lindi, na nyingi zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: mtu hajawahi kumiliki baiskeli, ana fedha ya kununua moja tu, na hataki kujuta. Tumechagua sita. Mtaona jibu letu linarudi mara kwa mara kwenye tairi, ringi na spea. Tumefanya hivyo makusudi, kwa sababu hapo ndipo baiskeli nyingi za wanaoanza hufia.

Habari za kazi mafundi wetu. Naishi Chuno, Mtwara mjini, na kazi yangu iko Mikindani. Nauli za kila siku zimenichosha, nataka baiskeli. Dukani nimeoneshwa tatu, bei zimekaribiana: Phoenix nyeusi ya breki za vyuma, "mauntini" mpya ya gia 21 yenye shokapu mbele na nyuma, na ya mtumba kutoka Japani yenye kikapu. Muuzaji ananisukumia ile ya gia 21. Mimi huvaa baibui. Nichukue ipi?
*Dada wa Chuno*

Dada yetu, habari ni njema. Chukua ya Kijapani, ila kwa sharti moja ambalo usilegeze: soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi kabla hujazungumza bei.

Njia yako ni lami, kama kilomita 10 kwenda. Kwa mwendo wa anayeanza, kilomita 12 hadi 15 kwa saa, utatumia dakika 40 hadi 50. Miezi ya kusi upepo utakusaidia zaidi asubuhi na kukupinga jioni ukirudi, basi panga muda wako hivyo. Safari ya namna hii haihitaji gia 21. Inahitaji baiskeli unayoipanda bila kurusha mguu juu ya bomba, yenye kava linalofunika cheni yote ili baibui lisinaswe, madigadi za mvua na taa. Za Kijapani nyingi huja na vitu hivyo vyote tangu kiwandani. Kama gurudumu la nyuma halina wavu wa kuzuia nguo, fundi akufungie. Nguo ikiingia kwenye spoki, baiskeli husimama ghafla na mpandaji huanguka.

Sasa sharti. Ubavuni utakuta namba mbili zenye kistari katikati, mfano 37-590. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Hiyo ya pili ndiyo ya kukariri. Watu husema "inchi 26" wakidhani zote ni sawa, na hapo ndipo hela hupotea: 26 x 1 3/8 ya Kijapani ni 590, ilhali 26 x 1.95 ya mauntini ni 559. Tofauti ni milimita 31, na tairi la moja halikai kwenye ringi ya nyingine hata fundi afanyeje. Phoenix ya inchi 28 x 1½ ni 635. Japani pia wana 27 x 1 3/8, ambayo ni 609, na tairi zake ni taabu kuzipata. Ukikuta 609, iache hata kama inang'aa.

Kabla ya kulipa, nenda kwenye maduka mawili ya spea, taja namba hiyo na uombe kuoneshwa tairi na tyubu zake. "Zitakuja wiki ijayo" lihesabu kuwa hazipo.

Kuhusu ile mauntini, shokapu za bei ya chini ni springi tupu zisizo na kitu cha kutuliza mdundo. Ukikanyaga pedeli, sehemu ya nguvu yako huishia kubonyeza springi badala ya kusukuma gurudumu. Zinaongeza uzito, maungio yake hulegea na kupiga kelele, na shokapu ya nyuma hukunyima mahali imara pa kufunga keria. Fedha iliyotumika kuzitengeneza imetolewa kwenye beringi, ringi na breki, vitu ambavyo ungevihitaji zaidi.

Phoenix tunaiheshimu. Kuna mafundi wengi wanaoifahamu, na keria yake hubeba mzigo wa haja. Lakini ni nzito, bomba lake la juu liko juu, na breki za vyuma (zinazovutwa kwa fito badala ya waya) hupoteza nguvu nyingi ringi ya chuma ikilowa. Kwa anayeanza, kwenye barabara moja na magari, hilo ni la kuzingatia.

Jambo la mwisho kwako. Kwenye baiskeli za Japani breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kulia. Zitokazo Marekani na nchi nyingi za Ulaya ziko kinyume. Kila unaposhika baiskeli usiyoijua, bana mkono mmoja ukiwa umesimama uone gurudumu lipi limekamatwa. Kuna nyingine hufunga breki ukirudisha pedeli nyuma, nazo humshtua asiyezizoea.

Mambo vipi mafundi. Nipo Lindi mjini. Kuna jamaa mtaani anauza baiskeli ya mtumba, mauntini ya inchi 26, anasema haina tatizo. Mimi sijui kitu. Nikienda kuiona niangalie nini?
*Kijana wa Lindi*

Nenda mchana, mahali penye mwanga. Beba tepu ya cherehani au ya seremala, sumaku ndogo (ya spika mbovu inatosha) na spana ya 15. Usianze kwa kuijaribu kuiendesha, maana ukishaipenda utafumba macho.

Anza na fremu. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini karibu na usukani. Rangi iliyokunjamana au kupasuka kama ganda hapo ni dalili kwamba baiskeli imegonga kitu. Simama ubavuni uangalie foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele: miguu yake inapaswa kushuka kwa mstari na kujipinda mbele kidogo. Ikiwa imerudi nyuma, imepinda. Ufa kwenye fremu au foku iliyopinda haina majadiliano, mshukuru mwenyewe uondoke. Kuchomelea ufa wa fremu nyembamba hakudumu, na hukatikia njiani.

Kisha legeza nati ya siti, zungusha siti kushoto na kulia, ipandishe na kuishusha. Ikigoma kabisa, kutu imelishika bomba. Huku pwani hilo ni ugonjwa wa kawaida, hasa bomba la alumini likikaa ndani ya fremu ya chuma bila grisi. Baiskeli ambayo siti haipandi ni ya mtu mmoja tu, yule aliyekuwa na kimo hicho. Ukifanikiwa kuitoa, pindua baiskeli ugonge fremu kwa kiganja. Chenga kidogo za kutu ni kawaida, lakini magamba mazito yakimwagika, bomba linaliwa kwa ndani.

Inua gurudumu la mbele ulizungushe. Tazama nafasi kati ya ringi na mpira wa breki: ikicheza zaidi ya milimita 3 hivi, ringi inahitaji kunyooshwa. Bana spoki mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote. Zinapaswa kukaza karibu sawa. Moja au mbili zilizolegea fundi atazikaza, lakini nyingi zikining'inia wakati nyingine zimekaza kama waya wa gitaa, ringi yenyewe imepinda na haitanyooka. Gusa ringi na sumaku. Isiponasa, kwa kawaida ni alumini, nayo hushika breki vizuri zaidi ikilowa na haioti kutu nyekundu.

Shika gurudumu kwa juu ulisukume kulia na kushoto. Likicheza, koni za habu (nati zinazobana gololi katika kitovu cha gurudumu) zimelegea au gololi zimelika. Fanya hivyo kwa mkono wa krenki, ule unaobeba pedeli: usivute kuzunguka, sukuma kuelekea fremu na kurudi. Halafu bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, ukisikia "tok" kwenye shingo ya usukani ujue hapo pia pana kazi. Yote haya yanatibika kwa bei ndogo. Habu ya nyuma kwa kawaida hutumia gololi za robo inchi, 9 kila upande. Ya mbele za 3/16, 10 kila upande. Mwambie fundi abadilishe zote pamoja. Akichanganya mpya na zilizolika, mpya ndizo zitabeba uzito wote na zitakufa mapema.

Cheni ipime. Weka sifuri ya tepu katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya inatoa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16, cheni imechoka. Ikifika 12 na 1/8, hesabu cheni pamoja na friwili, yaani duara la meno la nyuma, kwa sababu meno yameshalika kufuata cheni ile, na ukiweka cheni mpya juu yake itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu.

Tairi za mtumba mara nyingi zina kashata nzuri lakini ubavu umepasuka nyufa ndogo kwa kukaa muda mrefu. Zihesabu kama za kubadilisha.

Ukishaona yote, jumlisha bei ya vitu vya kubadilisha, uitoe kwenye bei anayotaja. Ushauri wetu kwa kila anayenunua mtumba ni kwamba kati ya kila shilingi kumi ulizonazo, tumia nane kununua na mbili zibaki za matengenezo ya kwanza. Hatujaona mtumba usiohitaji chochote.

Na karatasi. Pindua baiskeli usome namba iliyogongwa chini ya krenki. Kama imekwanguliwa, usiinunue. Kama ipo, andikeni makubaliano yenye namba hiyo, jina la muuzaji na kitambulisho chake, mkashuhudiwe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Inachukua nusu saa, na itakulinda siku mwenye mali akijitokeza.

Naitwa mwalimu, nafundisha wilaya ya Tandahimba. Kutoka ninapoishi hadi shuleni ni kilomita 6 za mchanga na vilima vidogo. Wenzangu wanasema baiskeli ya gia huku ni kupoteza fedha, niongeze nguvu za miguu. Ni kweli?
*Mwalimu, Tandahimba*

Mwalimu, wenzako wana nusu ya ukweli. Gia mbovu ni kupoteza fedha. Gia nzuri chache ni msaada mkubwa kwenye mchanga.

Kwako tunapendekeza mauntini ya inchi 26, yaani ringi ya 559, fremu ya chuma, isiyo na shokapu nyuma, yenye breki za kubana ringi. Hizo za sahani za bei ya chini zikipinda kidogo tu husugua mchana kutwa, na pedi zake ni shida kuzipata nje ya mji. Friwili ya gia 6 yenye meno 14 hadi 28 inatosha. Ukiwa na duara dogo la mbele lenye meno 28, gia nyepesi kabisa ni 28 kwa 28, mguu ukizunguka mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja. Kwa hiyo utapanda kilima umekaa.

Mchanga unadai tairi pana kuliko unavyodai gia. Chukua 1.95 au 2.1, na siku za mchanga mkavu punguza upepo hadi kama 30 psi (kipimo cha upepo kwenye pampu). Tairi likilala kidogo huelea juu. Likijazwa gumu huchimba. Ukifika kwenye mchanga mzito badilisha gia mapema, ungali na mwendo, kanyaga mfululizo, na usukani uushike bila kuukaza. Ukiukata ghafla, gurudumu la mbele huzama na wewe utaanguka ubavu.

Kama fedha inatosha ya gia moja tu, usikate tamaa. Hesabu meno: mbele 44 na nyuma 18 ni gurudumu kuzunguka mara 2.4 kwa kila mzunguko wa krenki, ni nzito kwako. Mwambie fundi akufungie friwili ya meno 22. Itakuwa mara 2 kamili, na miguu itaona tofauti siku hiyo hiyo. Cheni itahitaji kuongezwa kipande kimoja chenye pini mbili, au gurudumu lisogezwe mbele kidogo kama nafasi ipo. Mwendo wa kasi barabarani utapungua, jambo ambalo kwa kilomita 6 za mchanga halitakuumiza.

Vijana wangu, nimemnunulia mjukuu baiskeli mpya, imetoka kwenye boksi, ikaungwa palepale dukani. Siku ya nne pedeli ya kushoto imeng'oka. Fundi wa hapa ameirudisha mara mbili, inatoka tena. Nimeuziwa feki?
*Babu wa Newala*

Shikamoo mzee wetu. Baiskeli yenyewe huenda haina kosa, kosa linaelekea kuwa la aliyeiunga.

Pedeli ya kulia hukazwa kwa kuzungusha kulia kama nati zote. Ya kushoto ni kinyume, hukazwa kwa kuzungusha kushoto. Zimetengenezwa hivyo ili mwendo wa miguu usizilegeze. Pedeli zenyewe zimegongwa herufi mwishoni mwa ekseli: R ya kulia, L ya kushoto. Zikibadilishwa pande, au ikilazimishwa kuingia kwa mshazari, nyuzi za krenki hukatika, na kuanzia hapo itatoka kila mara hata ikazwe vipi.

Mwambie fundi asiirudishe mara ya tatu. Atoe pedeli, aangalie nyuzi ndani ya tundu. Zikiwa zimesagika, badilisha mkono wa krenki wa kushoto peke yake. Hakuna haja ya seti nzima. Pedeli mpya ianzwe kwa vidole hadi iingie mizunguko mitatu au minne bila kugoma, nyuzi zikiwa na grisi, ndipo spana ya 15 ikaze.

Kwa kuwa iliungwa haraka, mkague na mengine siku hiyo hiyo. Foku isiwe imegeuzwa nyuma (breki ya mbele iwe upande wa mbele wa foku). Bomba la usukani na la siti yana mstari wa mwisho wa kupandisha, mstari huo usionekane. Habu zizunguke laini. Zikikwaruza, koni zimekazwa kupita kiasi au hazina grisi. Na baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, spoki zikazwe upya, maana mpya hukaa na kulegea. Kijana asiipande hadi pedeli ipone.

Nakaa Msangamkuu, navuka na kivuko kwenda Mtwara mjini. Baiskeli niliyonunua haijafikisha hata nusu mwaka, kutu imeijaa. Naipaka mafuta ya kula kila Jumapili. Ninakosea wapi?
*Msomaji, Msangamkuu*

Unakosea kwenye mafuta, ndugu yetu, bidii unayo. Mafuta ya kula hayafai cheni: mengi, kama ya alizeti, yakikaa hewani huganda kuwa gundi, na gundi hiyo hushika chumvi na mchanga pamoja. Unachokuwa nacho ni msasa unaozunguka.

Tumia oili safi ya injini, isiyowahi kutumika. Tone moja kwenye kila kiungo kwa upande wa ndani wa cheni, zungusha krenki nyuma mara ishirini, iache dakika kumi, kisha futa kwa kitambaa hadi nje ya cheni ionekane karibu kavu. Oili inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani ya pini. Ya nje ni chambo cha mchanga.

Kabla ya oili, chumvi iondoke. Maji baridi ya kisima au bomba, ndoo moja na kitambaa, kila wiki, na siku yoyote baiskeli ikirushiwa maji ya bahari. Usiipitishe kabisa kwenye maji ya bahari ili kuosha tope. Kausha, ndipo upake. Mara mbili kwa mwaka toa bomba la siti na la usukani, paka grisi, rudisha. Sehemu za fremu zilizochubuka zisugue kwa msasa, paka rangi ya kuzuia kutu kisha rangi ya kawaida. Usingoje mpaka papasuke.

Kama utanunua nyingine siku za mbele, tembea na ile sumaku tuliyomwambia kijana wa Lindi. Kwa mtu wa Msangamkuu, ringi za alumini zina thamani kuliko gia.

Kwa kifupi tu: naanza mazoezi ya kuendesha, nina miaka 34, naogopa kuanguka. Siti niiweke wapi na upepo nijaze kiasi gani?
*Msomaji wa Mikindani*

Wiki mbili za kwanza shusha siti hadi nyayo zote mbili zilale chini ukiwa umekaa. Toa pedeli zote mbili (ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kulia), tafuta uwanja mgumu wenye mteremko mdogo, jisukume kwa miguu na kuacha uteleze. Ukiweza kuteleza mita 20 bila kugusa chini, rudisha pedeli. Baada ya hapo pandisha siti kidogo kidogo: kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukihamishia mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo pake. Siti ya chini ni ya kujifunzia tu, ukiizoea magoti yatauma.

Upepo fuata kipimo kilichoandikwa ubavuni. Kwa lami, tairi la 26 x 1.95 huenda vizuri kwenye 40 hadi 50 psi, na la 26 x 1 3/8 kwenye 50 hadi 60. Kama pampu haina kipimo, bonyeza juu ya tairi kwa dole gumba kwa nguvu zako zote: libonyee kidogo sana. Kisha kaa juu yake, mtu akuangalizie nyuma. Tairi likitanuka sana chini yako, ongeza, maana ukigonga jiwe ringi itabana tyubu na utapata matundu mawili yaliyo sambamba.